Maji ya Mwisho ya Guku

Mwezi uliopita nilikwenda Nkoma kwenye msiba wa jirani yetu wa zamani. Kijana wa bodaboda aliyenibeba akapita katikati ya mashamba ambamo watu walikuwa wanachoma miti ya pamba, na moshi ukatupiga usoni. Kijana akakohoa, akatukana kidogo, akaongeza mwendo. Mimi nikampiga begani nikamwambia, "Taratibu, baba, taratibu." Akadhani nimeumia. Wala. Nilikuwa nataka tu kuuvuta vizuri ule moshi.

Kama ulilelewa Usukumani enzi zetu, huna haja ya kuelezwa. Pamba ikishavunwa, miti yake inang'olewa, inalundikwa, inachomwa, ili wadudu wasibaki shambani kungojea msimu mwingine. Bwana shamba alikuwa anapita na baiskeli yake kuhimiza, na mvivu alijua kitakachompata. Moshi wake una ukali wake, unaganda kwenye nywele mpaka unaenda nao shuleni. Wengine ukiwauliza watakwambia hiyo ni harufu ya shamba. Kwangu mimi ni harufu ya maji ya kunywa, na yeyote anayebisha aje tubishane, nina ushahidi.

Mwaka ninaousema mvua zilitugomea. Ulikuwa wakati ule kila kitu kinageuka. Duka la pale senta, ambalo nilizoea kuliona lina kiberiti na vumbi tu, sasa lilikuwa na sabuni zimepangwa kama matofali, mitumba inaning'inia mlangoni, na sukari unapimiwa bila kibali, ili mradi hela unayo. Wanunuzi wa pamba nao walikuja kila mmoja na mizani yake, wote wanamwita baba yangu "mjomba" kana kwamba wamezaliwa kwetu. Sisi watoto tuliona neema imefika. Lakini pampu ya kisima cha kijiji ilipokufa, lile gari la wilayani lililokuwa linaleta fundi halikuja. Tukaambiwa siku hizi kijiji kinajitegemea, changeni wenyewe. Wakati kikao cha kuchanga kinaahirishwa leo kwa sababu ya msiba, kesho kwa sababu ya mnada, lambo, lile bwawa la mifugo, nalo likakauka, tope lake likapasuka vipande vipande.

Tukabaki na mto. Nikisema mto usifikirie maji. Mito yetu ile kiangazi ni mchanga mtupu, barabara pana nyeupe ya mchanga, na maji yamejificha chini. Unachimba mpaka mikono iume ndipo unaona mchanga unalowa, kisha kidimbwi kidogo kinajikusanya, cha rangi ya chai ya maziwa. Watu na ng'ombe na mbuzi, wote tegemeo letu lilikuwa lile shimo.

Sasa, kabla sijafika mbali, lazima nikueleze jinsi guku alivyokufa, la sivyo hutaelewa kitu.

Guku, babu yangu mzaa baba, alifariki mwaka uliotangulia. Aliumwa kifua kwa muda mrefu. Nyumbani kwetu hakuna mtu mzima aliyewahi kunywa maji ya kuchemsha. Maji yalikuwa yanatoka kisimani, yanaingia mtungini, yanaingia tumboni, basi. Alipozidiwa, mganga wa zahanati alisema mzee apewe maji yaliyochemshwa. Mama, ambaye kwetu tunamwita mayu, akawa anachemsha kwenye kisufuria kidogo cha pembeni, na baba akawa anamnywesha babaye kwa mkono wake mwenyewe, kwa kata ndogo ya kibuyu. Baba ndiye alikuwa mtoto mkubwa, hakumwachia mtu kazi ile. Siku ya mwisho nilikuwa mlangoni. Nilimwona baba anainua kichwa cha guku, anamwekea kata mdomoni. Maji yalikuwa bado yanatoa mvuke. Guku akameza funda moja, akashusha pumzi, na hakuivuta nyingine.

Mtoto haulizi, mtoto anajumlisha. Mimi nilijumlisha: moto unaingiza kitu ndani ya maji, na hicho kitu ndicho kinamfungulia mtu mlango aende zake. Maji ya kuchemsha ni maji ya mtu anayeondoka. Nilikuwa na uhakika nayo kama nilivyokuwa na uhakika kwamba jua linatokea upande wa kwa mjomba. Na wala sikuona ubaya. Niliona ni heshima fulani ya wazee, kama ngozi ya ng'ombe wanayozikwa nayo.

Basi, katikati ya ukame ule akaja senge.

Senge ni shangazi, dada yake baba. Huyu wetu aliitwa Minza, na alikuwa anauza chakula kwa abiria pale stesheni ya Malampaka. Mwanamke wa sauti kubwa, anaamkia watu akiwa bado barabarani. Siku hiyo alifika na mzigo kichwani, akashusha, akaitikia salamu zetu za "mwadila" bila hata kukaa, akauliza, "Mnakunywa maji ya wapi?"

Mayu akamwonyesha mtungi.

"Ya mtoni? Mabichi?"

"Mabichi kivipi? Maji ni maji, wifi."

Senge akauchukua ule mtungi, akautoa nje, akaumwaga wote chini ya mnyaa. Nilisikia mayu anavuta pumzi kama aliyechomwa. Maji aliyoyachimba tangu alfajiri! Lakini senge hakumpa nafasi ya kusema. Akatueleza kuwa kipindupindu kimeingia kule alikotoka, kwamba ameona mtu anapanda treni asubuhi akiwa mzima anacheka, na jioni anashushwa amefunikwa shuka. Yeye alikuwa amepika uji kwenye kambi ya wagonjwa, ameona yote, na hakuja kwetu kulala. "Nimekuja kuwachemshia maji," akasema. "Nyote. Mpaka huyu." Akaninyooshea kidole mimi.

Nyote! Nikamwangalia mayu, nikamwangalia baba aliyekuwa anarudi kutoka mtoni na jembe begani, nikasema moyoni, kumbe tumekwisha, na hawa wakubwa wanajua.

Namna senge alivyofanya kazi ile, ningekuwa na uwezo ningeifundisha shule zote. Kwanza alikataa shimo la ng'ombe. Akatupeleka juu zaidi, mto unakotokea, tukachimba letu, tukalizungushia miiba. Maji ya kwanza yalipojaa akayachota yote akayatupa, ya pili akayatupa, mpaka yakaanza kuja meupe. Nyumbani akakunja kanga safi mara kadhaa, akayachuja. Akayaacha yatulie usiku kucha, asubuhi akayamimina polepole kwenye chungu kingine, tope likabaki chini. Ndipo akayaweka motoni. Kuni hazikuwepo, miti yote ya karibu ilishakatwa, kwa hiyo akaenda shambani akabeba mzigo wa miti ya pamba iliyolundikwa ingojee kuchomwa. Bwana shamba alipopita, senge akamwambia, "Si mnataka ichomwe? Nachoma." Yule bwana akacheka akapanda baiskeli yake. Senge alichochea mpaka maji yakatokota kweli, yanarukaruka na kurusha kifuniko, na hata hapo hakuyatoa haraka. Akayafunika, yakapoa humo humo, na ole wake atakayetumbukiza mkono. Kuchota ni kwa upawa wenye mpini mrefu, na mikono inaoshwa kwa majivu. Maji yalikuwa na ladha ya moshi wa pamba, mtu aliyeyanywa anajulikana akikohoa tu.

Mimi sikuyagusa. Siku zile chache niliishi kwa uji. Kiu ikinibana naomba uji. Nakunywa bakuli, naongeza bakuli. Ukinicheka una haki, kana kwamba uji wa senge ulipikwa kwa mate. Lakini mbele ya macho yangu uji ulikuwa uji, na maji ya guku yalikuwa maji ya guku. Nilikuwa namkodolea macho mayu kila akimaliza kunywa, naangalia kama amebadilika.

Baba naye hakuyagusa, ila yeye hakujificha. Senge alipompelekea kwenye kata, alicheka kwa nguvu. "Minza, umenigeuza mzazi? Nimejifungua lini?" Wanaume waliokuwa naye wakacheka, maana kwao maji ya moto yalikuwa ya kumkanda mwanamke aliyetoka kujifungua. Akatoka akaenda na mifugo michache iliyobaki, maana ng'ombe wengi baba mdogo alikuwa ameshawapeleka upande wa Kimali kutafuta majani. Kule mtoni, jua likichoma, aliinama kwenye lile shimo la ng'ombe akanywa kwa viganja, kama alivyokunywa maisha yake yote.

Ugonjwa ulimshika alfajiri. Sitaki kuusimulia sana, waliouona wanaujua. Ilipofika saa nne asubuhi baba yangu, aliyekuwa anabeba gunia la pamba peke yake mpaka kwenye mizani, alikuwa amelala nyuma ya nyumba kivulini kwenye mkeka, macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiibana inabaki imesimama. Sauti ilikuwa imekauka. Jirani yetu alikwenda kuazima maksai wa mkokoteni vijiji vya mbali, maana wetu walikuwa Kimali, na umbali wa zahanati haukuwa wa kumbeba mtu mgongoni. Senge akasema wazi, mbele yetu wote, "Mkokoteni utakuja. Lakini kama hanywi, mkokoteni utabeba maiti."

Akachota lita moja ya maji yake, akapima sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko, akakoroga, akamimina kwenye bakuli, akapiga magoti. "Kunywa, kaka."

Baba akafunga mdomo.

"Maduhu!" akamwita kwa jina lake. "Kunywa!"

Akageuza uso ukutani. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya majani makavu, "Minza, hayo nayajua. Nilimpa baba kwa mkono wangu huu."

Hapo ndipo nilipojua kwamba sikuwa peke yangu. Baba naye alijumlisha kama mimi! Mtu mzima, mwenye ndevu, anayejadiliana bei na wanunuzi wa mjini, alikuwa amekaa na hesabu ile ile kichwani mwaka mzima, na nadhani kwake ilikuwa nzito zaidi, maana kata ilikuwa mkononi mwake.

Senge alipandwa na hasira mpaka mate yakamruka. "Baba alikufa kwa kifua! Alikuwa mzee! Maji yalimkuta anakwenda!"

"Nipeni ya mtoni," baba akasema. "Ya baridi. Kama nakufa nife na maji yangu."

Mayu akasimama. Mayu alikuwa mke anayemsikiliza mumewe, na mume alikuwa anaomba maji. Akachukua kata, akaelekea kwenye ndoo ya maji ya kunywesha mbuzi. Senge akamkimbilia, akamshika mkono, wakaanza kuvutana, mmoja analia na mwingine anafoka, "Unataka kumuua? Unataka kumuua ndugu yangu?" na mayu anajibu, "Niache nimpe mume wangu anachotaka, niache!" Kata ikaanguka ikapasuka. Na baba yuko pale peke yake, anaangalia ukuta, na bakuli liko chini pembeni yake.

Mimi nilimwangalia. Sikuwa naelewa chumvi wala sukari wala kipindupindu. Nilichoelewa ni kwamba wakubwa wamekubaliana baba anaondoka, wanachogombea ni maji yapi. Na jambo moja nilikuwa nalijua kuliko wote: baba hakuwahi kuondoka pale nyumbani bila mimi kumsindikiza. Akienda mnadani, namsindikiza mpaka njia panda. Akienda kuuza pamba, natembea naye nimeshika ncha ya koti mpaka anaponiambia inatosha, rudi. Sasa safari hii kubwa kuliko zote, wamemwacha aende mwenyewe? Nilisikia uchungu, nisikufiche, lakini sikusita. Nilitembea, nikakaa kwenye mkeka, nikalichukua bakuli kwa mikono miwili, nikanywa.

Yalikuwa matamu! Hilo ndilo sikulitegemea. Matamu na ya vuguvugu, na moshi kwa mbali. Mtoto wa kwetu sukari alikuwa anaiona Krismasi. Nikashusha bakuli, nikangoja. Nikanywa tena, maana nilifikiri labda haijatosha, na kusema kweli nilitaka tu kuonja tena. Halafu nikamgusa baba begani nikamwambia, "Baba, mimi tayari. Kunywa twende."

Aligeuka. Alitazama bakuli, akatazama mdomo wangu uliolowa. Sijawahi kuona macho kama yale tena. Senge na mayu wakaachiana. Baba akajiinua kwa kiwiko, akitetemeka mwili mzima, akanyoosha mkono. Nikamshikia bakuli. Akanywa funda, akapumzika. Akanywa funda. Akamaliza.

Aliyatapika, ndiyo. Senge akaja na lingine, akampa kidogo kidogo, na kila nilipoonja mimi kwanza naye alikunywa. Nisipoonja, anafunga mdomo. Kwa hiyo mchana ule tulikunywa wote wawili, yeye funda, mimi funda, mpaka tumbo langu likawa kama ngoma na senge akaanza kunifokea kwamba namaliza sukari ya mgonjwa. Mkokoteni ulipofika jua limeshapinda, baba alikuwa hai. Zahanati wakamtundikia chupa za maji, na mganga akamwambia mayu kwamba kilichomfikisha pale ni kile alichokunywa njiani na nyumbani. Si wagonjwa wote waliofika zahanati. Tulizika watu mwezi ule, tena watu wa karibu.

Baba alirudi amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Tangu siku hiyo hakunywa tena maji mabichi. Kwenye mikutano, kwenye kulima kwa zamu, alikwenda na kibuyu chake kimefungwa kifuniko, na wanaume walipomtania, "Maduhu, nani mzazi kwako?" alikuwa anajibu, "Mimi hapa, na mtoto hajambo," akanywa mbele yao. Nyumba moja baada ya nyingine, wake zao wakaja kwa senge kuuliza namna ya kukunja kanga. Pampu ilikuja kutengenezwa, mvua zikanyesha, na watu wakarudi kwenye mazoea yao, ila si sisi.

Nilikua nikijivuna. Kwa nini nisijivune? Niliamini nilimwokoa baba yangu kwa sababu alipoona nimekunywa na sijafa, alitambua kwamba maji hayaui. Nimeisimulia hivyo shuleni, nimeisimulia harusini, nimewasimulia wanangu mpaka wananimalizia sentensi.

Basi siku moja, baba ameshazeeka, tumekaa nje tunabandua mbegu za maboga, nikamchokoza. "Baba, siku ile si uliona mimi mzima, ndiyo ukapata ujasiri?"

Akabandua mbegu kama mbili hivi, akazitia kwenye ungo.

"Uzima gani?" akasema. "Mimi niliona umeshakunywa. Nikajua basi, huyu amekwenda, mtoto wangu amekwenda kwa ajili yangu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nini? Ulikuwa mdogo, unaogopa giza. Nikaona ninywe haraka nikuwahi, usije ukafika kule ukiwa peke yako."